Wimbo Usiofika Ufukweni

Kwaya yetu ikitoka kutembea, lazima itokee kesi. Mwaka mmoja tulipanda kilima kilicho nyuma ya mji, sauti ya kwanza wakafika juu na chakula chote, besi wakafika na njaa tu, na kwa muda mrefu baadaye watu walikuwa wakipeana amani kanisani kwa vidole viwili. Mwaka mwingine tulikodi basi, tukagombana kama dirisha lifunguliwe au lifungwe, tukarudi nyumbani kabla ya kufika tulikokuwa tunakwenda. Kwa hiyo mwalimu wa kwaya aliponikabidhi mimi kazi ya kupanga matembezi, nilisema moyoni: sasa mtanitambua. Mimi ni mtu wa ofisi ya sekta, serikali ya mtaa. Kazi yangu ya kila siku ni kupanga watu wasiotaka kupangwa, na sina haya kusema kwamba naipenda.

Nikakata shauri twende kwa maji. Tungetoka ufukweni Gisenyi Jumapili baada ya misa, tufuate ukingo wa ziwa mpaka Nyamyumba kwenye maji moto, tuchemshe viazi na mayai mle mle kwenye chemchemi, tule, tucheze, turudi jua likiwa bado juu. Sikutaka boti ya injini. Boti ya injini ina kelele, na kwaya isiyojisikia yenyewe hukasirika. Nilitaka chombo cha wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwa letu: mitumbwi mitatu mirefu iliyofungwa sambamba kwa miti, wavu ukining'inia katikati. Usiku hutoka na taa kuvua, mchana hulala ufukweni bila kazi. Nafasi ipo, na mtu akitaka kumkimbia jirani yake anaweza kuhamia mtumbwi wa pili.

Vyombo vya namna hiyo ni vingi kwetu. Nilichagua cha mume wa jirani yangu, na nilifanya makusudi.

Huyu jirani tunasimama bega kwa bega kwenye sauti ya pili. Ni muuza sambaza. Nilipokuja kutoka Goma na wazazi wangu nikiwa msichana, alikuwa tayari anauza, na mpaka leo alfajiri yuko ufukweni na mabeseni yake kabla wanawake wengine hawajafunga vitenge. Hana simile. Ukimwambia samaki wako ni wadogo, atakuuliza kama wewe ulizaliwa mkubwa. Wafanyabiashara wa kule Petite Barrière, kwenye mpaka na Kongo, ambao wamezoea kubishana na nchi mbili kwa wakati mmoja, wakifika kwake hulipa na kuondoka.

Yeye na mumewe hawakujaliwa mtoto. Mtaani kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kuna watu ofisini ambao nadhani hawajui jina langu la ubatizo. Yeye huitwa kwa samaki zake. Sijawahi kumsikia akilalamika, wala sijawahi kusikia mtu akimtupia neno juu ya hilo, labda kwa sababu mtu huyo angejuta.

Lakini kulikuwa na jambo moja. Wavuvi wetu hupiga makasia kwa nyimbo. Jioni wakitoka huimba zile za adabu, ambazo hata padri akipita hageuzi kichwa. Wakishapita pembe ya mawe, pale ufuko unapojificha, nyimbo hubadilika. Hapo huanza zao wenyewe, za kutaniana, kila mmoja akiguswa pale panapowasha, maana usiku ni mrefu na mtu anayecheka hasinzii. Alfajiri hurudi nazo. Ukiwa ufukweni unazisikia kama watu wanaoongea nyumba ya pili: sauti unaipata, maneno huyapati. Vyombo vingine huja hivyo hivyo vikiimba mpaka vikagusa mchanga. Chombo cha mume wake kikifika pembe ya mawe, kimya. Huingia kama watu wanaotoka kwenye mazishi.

Asubuhi moja, tukiwa tunachambua sambaza, aliniambia bila kuinua kichwa.

"Banaimba mi."

"Nani?"

"Hawa. Bakiniona tu, banafunga kinywa. Kwa wengine banaimba mupaka hapa. Kwa mi banafunga. We unazani ni kwa nini?"

Nikamwambia labda wanachoka.

"Banaimba tumbo yangu," akasema. "Kuko nini ingine ya kuimba? Mutu hana mutoto, bataimba nini?" Kisha akaniambia nisimshikie beseni vibaya.

Tangu siku hiyo nilielewa kwa nini hakuwahi kukanyaga ndani ya chombo kinachomlisha. Watu wote aliwaambia maji yanamtia kizunguzungu. Hakuna kizunguzungu. Alikuwa anataka kusikia wimbo ule kuliko kitu chochote, na alikuwa anauogopa kuliko kitu chochote, na yeye hakuwahi kumuuliza mumewe kwa sababu hakuwahi kuthubutu. Jambo likikaa namna hiyo nyumbani mwa watu linaoza, na mimi siwezi kuvumilia harufu. Ndiyo maana nilichagua chombo kile.

Jumapili ilikuwa na jua zuri, milima ya volkano ikiwa wazi mpaka juu. Kwaya ilishuka ufukweni na vikapu, ngoma moja, na mwalimu wetu ndani ya suti yake ya kijivu, kwa sababu yeye hata akienda kuoga ziwani nadhani huvaa tai. Niligawa majile ya kuokolea maisha majini, nikakagua kila kamba kifuani, nikamrudisha besi mmoja aliyesema jile linamnyima pumzi ya kuimba. "Bon, ukizama utaimba vipi?" nikamuuliza, akavaa.

Jirani yangu alikuja wa mwisho na sufuria kubwa ya maharage na beseni la sambaza za kukaanga. Akatangaza kwa sauti kwamba yeye atapanda moto, yaani pikipiki, tutakutana huko huko. Dereva wa pikipiki aliitazama sufuria, akaitazama barabara ya Nyamyumba na kona zake, akavaa kofia yake akaondoka bila kuaga.

Nikamsogelea. "Kama unaogopa maji, sema unaogopa maji," nikamwambia polepole. "Lakini kama unaogopa ile ingine, leo njo siku yake."

Akanikata jicho ambalo mtu mwingine angenilipia. Kisha akapandisha kitenge, akatia mguu kwenye mtumbwi wa katikati, akaketi na sufuria mapajani kama mtu aliyeingia teksi.

Hapo ndipo nilipoona nyuso za wavuvi. Walikuwa wakichekacheka na akina dada wa sauti ya kwanza, mara wakapoa wote. Mzee mwenye kofia ya sufi, ambaye ndiye anayeanzisha nyimbo zao na hukaa mbele kabisa, aligeuka kumtazama mume wa jirani yangu, na yule mume, mwanamume mpana wa maneno machache, akayatazama makasia yake kama kwamba ameyaona leo kwa mara ya kwanza. Nilijiuliza: je, kama ni kweli? Kama nimemleta dada wa watu asikie kwa masikio yake kile alichokikimbia maisha yote? Lakini chombo kilishasukumwa, na mimi sikuzaliwa na gia ya kurudi nyuma.

Mwalimu wa kwaya alituokoa, bila kujua. Tulipoingia kwenye kina kiasi alisimama, nikamkaripia, akaketi, akasema kwamba kwaya haiwezi kubebwa kama mizigo. Tupige makasia wenyewe, kwa wimbo wetu wenyewe, wavuvi wapumzike. Wavuvi walitoa makasia upesi mno, nikaona shingo zao zikilegea.

Sasa mwalimu wetu ni mtu wa mpangilio. Alituketisha kama tunavyosimama kanisani: sauti ya kwanza mtumbwi wa kushoto, sauti ya pili na ya tatu katikati, besi mtumbwi wa kulia. Akatoa uma wake wa sauti, akaugonga kwenye ukingo wa mtumbwi, akaanzisha wimbo tuliokuwa tukiufanyia mazoezi kwa ajili ya sikukuu. Wimbo mzuri. Kosa lake ni moja tu, kwamba humo besi huanza peke yao na kuimba ubeti mzima, halafu ndipo sauti ya kwanza hujibu.

Besi wakaanza, wakaimba kwa moyo, wakapiga makasia kwa moyo. Sauti ya kwanza, watoto wa adabu, walinyamaza wakisubiri zamu yao, makasia juu. Chombo kikaanza kugeuka. Kilijipinda taratibu kuelekea kushoto, tukaona ufuko tuliotoka, tukaona hoteli, tukaona mji wetu wote ukipita mbele yetu. Zamu ya sauti ya kwanza ikafika. Wakaingia na nguvu zote walizokuwa wameziweka, besi wakanyamaza kama ilivyoandikwa, na chombo kikageuka upande wa pili, tukaona tena hoteli, tena ufuko, safari hii tukiwa tumeusogelea mpaka wa Goma.

"Mwalimu!" nikapiga kelele. "Tunaenda Kongo bila karatasi!"

"Malizeni ubeti!" akajibu, macho yamefungwa.

Sisi wa katikati tulikuwa tumeacha kuimba, tunalia kwa kicheko. Jirani yangu alikuwa amekumbatia sufuria ya maharage, machozi yakimtiririka, akiwapigia kelele besi wapumzike na sauti ya kwanza waamke, jambo ambalo lilifanya mzunguko uwe wa kasi zaidi. Ufukweni watu walikuwa wamesimama kututazama, wengine na simu juu. Mwalimu alipofungua macho akakuta anatazama nyuma, aliangua kicheko mwenyewe mpaka akalegeza tai, na tangu nimjue nilikuwa sijawahi kuiona shingo ya mwalimu wetu.

Basi tukaamua kuimba wimbo wa watoto wa katekisimu, usio na sauti wala zamu, kila mtu mstari ule ule. Hatukuimba vizuri, lakini tulikwenda mbele.

Nyamyumba tulifika mikono ikiwa imevimba na njaa imetutia adabu. Maji moto yapo pale pale kando ya ziwa; hatua chache unatoka kwenye baridi na kuingia kwenye mvuke. Wavuvi walikata kipande cha wavu mkuukuu, tukatia viazi na mayai, tukakifunga kwa kamba, tukakitumbukiza pale panapochemka sana. Waimbaji wenye miguu yenye maumivu, yaani wote, walikaa kwenye vidimbwi vya uvuguvugu wakisema "ayi, ayi" kama watoto wanaooga. Mwalimu alikunja suruali. Ana magoti, kumbe.

Tulikula vizuri, sitasema uongo. Viazi vya maji moto hutoka na chumvi kidogo yao wenyewe, na ukivila na sambaza za kukaanga na pilipili, unasahau hata kumsengenya mtu. Wavuvi walikaa pembeni kidogo. Nilipowaita wasogee walisogea, lakini mazungumzo yao yalikuwa ya hapa na pale, ya upepo, ya bei ya nyavu. Mume wa jirani yangu alimenya yai, akalipiga chumvi, akampa mkewe bila neno. Akamenya la pili akampa tena. Yeye mwenyewe hakula hata moja.

Nikaona kwamba alikuwa anaogopa. Mtu huyu ambaye hulala juu ya maji usiku wa mvua alikuwa anaogopa safari ya kurudi mchana kweupe. Nikapoteza hamu ya kiazi cha tatu, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Jirani yangu naye aliona. Akajifuta vidole, akaniinamia. "Bataimba," akaninong'oneza. "Leo bataimba, ama nitashuka mu maji nirudi kwa miguu."

"Na kama ni ile unafikiri?"

"Donc nitajua." Akalivuta beseni lake karibu. "Nimechoka kusikia nusu."

Tulipoanza kurudi, upepo wa mchana ulikuwa umeamka. Si upepo wa kutisha, lakini ulitupiga usoni, na mawimbi madogo yalikuwa yakipiga mitumbwi kwa ubavu. Kwaya ilikuwa imeshiba na imechoka, na hakuna aliyezungumzia tena kupiga makasia. Wavuvi walishika kazi. Mzee wa kofia ya sufi alianzisha ule wimbo wa adabu wa jioni, unaokwenda polepole. Walivuta, chombo kikasogea, upepo ukakirudisha. Wakavuta tena. Niliuchagua mti mmoja ufukweni nikautazama. Baada ya muda mrefu bado ulikuwa mti ule ule.

"Huu wimbo ni wa kutoka nyumbani," besi mmoja akalalamika. "Hakuna wa kurudi?"

Wavuvi wakatazamana. Na kabla hawajajibu, jirani yangu akasema, si kwa ukali wake wa kawaida, kwa sauti ndogo ambayo wengi hawakujua anayo:

"Uko. Baimbe ile ya asubui."

"Mama," mumewe akasema kutoka nyuma, "ile si ya batu wa kanisa."

"Mi si mutu wa kanisa leo. Mi ni mutu anauzisha samaki yenu. Imbeni."

Mzee wa kofia alikuna kichwa. Akamtazama mume. Mume akatazama ziwa, akaona pengine kwamba kwa upepo ule tungelala humo humo, akatikisa kichwa mara moja kukubali. Jirani yangu akaushika mkono wangu. Sijui kama umewahi kushikwa na mtu anayebeba mabeseni maisha yake yote. Nilihisi mifupa yangu ikipangwa upya.

Waliimba Kinyarwanda, ninaweka hapa kwa maneno yetu. Mzee aliuliza, na makasia yakazama pamoja:

"Wewe wa mbele, nani anakungoja?"

Na mvuvi wa mbele akajibu kwa kumtaja mkewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza, mama fulani ndiye ananingoja, na wenzake wakaongeza lao: yule anayekoroma, yule aliyeunguza ugali, yule aliyeficha viatu vyako usiende baa. Wakacheka, wakavuta, na chombo kikaruka mbele. Mzee akamfuata wa pili. Mama fulani. Wa tatu. Mama fulani. Kila mke na mtoto wake, kila mke na aibu yake ndogo. Ule mti wangu ulishapita nyuma zamani. Kwaya ilikuwa imezinduka, inapiga makofi. Mimi sikupiga, mkono mmoja haukuwa wangu, na nilikuwa nahesabu wavuvi: walikuwa wanakwenda kutoka mbele kuelekea nyuma, na nyuma kabisa alikuwa mumewe. Yeye angejibu nini? Mama nani?

Aliyejua hilo vizuri zaidi alikuwa amefumba macho kando yangu.

"Na wewe wa nyuma," mzee akaimba, "nani anakungoja?"

Mume hakujibu. Waliojibu ni wote kwa pamoja, wavuvi wote wa mitumbwi mitatu, kwa sauti ya kuvunja mbavu:

"Yule wa mdomo! Yule wa mdomo!
Akikemea mawimbi, yanalala.
Akiona kapu nusu, turudi kuvua!
Simba wa msituni alimsikia, akahama!"

Na kabla hatujapata pumzi ya kucheka, mume, peke yake, kwa besi nzito ambayo kwaya yetu haijawahi kuwa nayo:

"Vuteni, vuteni, ameshaamka."

"Ameshaamka!" wote wakaitikia, na hapo ndipo makasia yalipoingia ndani kuliko popote katika wimbo ule.

"Vuteni, vuteni, amesimama gizani."

"Amesimama!"

"Wengine wamelala, wangu amesimama."

"Vuteni!"

Nilihisi mkono wangu ukiachiwa. Jirani yangu alikuwa amefungua macho. Hakuwa analia wala kucheka, alikuwa amekaa wima tu na mdomo wazi, na nikafikiri, Mungu wangu, wimbo umetimiza miujiza, umemnyamazisha. Wavuvi waliacha kuvuta. Makasia yalikuwa yakidondosha maji. Mzee wa kofia alivua kofia yake.

"Mama, utusamehe," akasema. "Njo maana tunanyamazaka pale kwa mawe. Tulikuwa tunakuogopa."

"Munaniogopa?"

"Sana."

"Miaka yote hii?"

"Ungetupiga na beseni," mvuvi mwingine akasema, na hakuwa anatania.

Aligeuka kumtazama mumewe. Yule mwanamume mpana alikuwa ameinama, masikio yake yakimwaka kwa jua au kwa kitu kingine, akingoja kukemewa mbele ya kwaya nzima ya parokia. Mwalimu wetu alishikilia tai yake kwa mikono miwili.

"Simba alihama?" jirani yangu akauliza.

"Hiyo ni ya mzee," mumewe akajitetea. "Mi nilisema tu umeamka."

Hapo akaangua kicheko. Kilitoka chini kabisa, mahali ambapo nadhani kilikuwa kimefungiwa muda mrefu, akacheka mpaka mitumbwi yote mitatu ikatikisika, akajipiga mapaja, akamwambia mzee wa kofia kwamba yeye hana meno ya kumwimba mtu mdomo. Na aliposhika pumzi alifanya jambo ambalo hata mimi, ninayejidai kupanga kila kitu, sikulipanga. Alidaka wimbo pale ulipoachwa na akawajibu, kwa sauti ile ya pili ninayoisikia kila Jumapili, lakini safari hii imefunguliwa yote:

"Mlete kapu lililojaa, mdomo utafungwa!
Mlete kapu nusu, nitamla mvuvi!"

Mumewe alikosa pigo la kasia. Wenzake walimpigia kelele, kwaya ikadaka kiitikio, sauti ya kwanza juu, besi chini, sisi katikati, bila uma wa sauti na bila zamu, na mwalimu akisimamisha mkono kana kwamba ni yeye aliyetufundisha. Sikumbuki upepo ulikwenda wapi. Nakumbuka Nyamyumba ilipotea nyuma yetu, tukapita mashamba ya migomba, na kila walipofika kwa yule wa nyuma chombo kilijitupa mbele kama mbuzi aliyeona lango la nyumbani. Nilikuwa na furaha ambayo mtu mzima anaionea haya. Niliimba mpaka koo likakauka, na kila mara mumewe aliposema ameshaamka, nilimkumbuka mwanamke huyu peke yake ufukweni na mabeseni yake, alfajiri zote zile, akisikia nusu.

Tulipofika pembe ya mawe wavuvi wakanyamaza. Si kwa kufikiri, ni mazoea tu. Makasia yakaendelea, vinywa vikafungwa. Mbele yetu ufuko ulionekana, umejaa watu wa Jumapili, na wanawake wenzake wa samaki wameketi juu ya mabeseni yaliyofudikizwa wakipiga soga. Kwaya nayo ikanyamaza kwa kufuata.

Mtumbwi uligusa mchanga. Jirani yangu alishuka, maji yakamfika magotini, akapokea sufuria tupu. Nilikuwa karibu naye, nikamwona akijifuta macho kwa pindo la kitenge.

"Nilizani ni tumbo," akaniambia polepole. "Kumbe ni mdomo tu."

Hakungoja jibu. Aliigeukia mitumbwi, pale mumewe alipokuwa ameinama akifunga kamba, na kwa sauti ambayo nina hakika Goma waliisikia, mbele ya wanawake wote wa samaki na watoto wao wote, akampigia kelele:

"We, bwana yangu! Kesho asubui musinyamaze kwa mawe. Mukuye mukiniimba mupaka hapa."